Ubeti wa Pili

"Ademar, kesho ni Jumanne. Mama yako ana mashine," Ivonete alisema kwenye simu.

"Najua." Nyuma ya sauti ya mumewe zilisikika honi za malori na kelele za watu. "Mwambie dereva apite tu. Mgonjwa hazuiwi."

"Hayo umesema wewe au amesema Gilson?"

"Ivonete, usianze."

Simu ikakatwa. Ivonete aliiweka juu ya meza akaitazama kwa hasira, kana kwamba ndiyo iliyomuoa. Siku tisa sasa mwanamume huyu analala chini ya turubai kando ya barabara kuu, nje kidogo ya mji wao wa Água Funda, analinda matairi. Fundi wa pampu za maji, miaka hamsini na miwili, mgongo mbovu, nyumbani kuinua ndoo moja mpaka ataje watakatifu wote. Lakini matairi ya malori ameweza kuyapanga safu tatu yakaikata barabara. Yote hayo kwa sababu Heleno Taborda ameshindwa uchaguzi, na Taborda mwenyewe anasema hakushindwa. Sasa wafuasi wake wanangoja jeshi litoke kambini limrudishie kiti. Jeshi halijatoka. Kila jioni hutokea mtu mwenye binamu jeshini, akaapa kwamba ni kesho.

"Amesemaje?" aliuliza mama mkwe wake, Dona Zulmira, aliyekuwa ameketi na miguu juu ya kigoda.

"Amesema tutapita."

"Si nilikwambia? Mwanangu hawezi kunifungia njia."

Ivonete alikuwa anaitazama ile miguu. Figo za Zulmira zilikufa zote mbili miaka mitatu nyuma, na tangu hapo kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi kigari cha halmashauri humpeleka mji mkubwa, kilomita tisini, kusafishwa damu kwa saa nne. Jumanne na Alhamisi zilizopita walizungukia njia ya mashambani; Jumamosi mto ulikuwa umeikata, na kwenye barabara kuu dereva akakuta pamefungwa akageuza. Sasa miguu ya bibi ilikuwa imevimba mpaka viatu vilikataa, na usiku alilala ameketi kwa sababu akijilaza pumzi haipandi. Daktari alishasema zamani, tena bila kuzunguka: kukosa mara moja ni hatari, kukosa mara mbili mfululizo ni kaburi.

Na bado picha ya Taborda ilikuwa pale pale kwenye mlango wa friji, kando ya Bikira Maria, imeshikiliwa na sumaku yenye umbo la nanasi. Zulmira ndiye aliyeibandika. Ivonete alimpigia kura yule mwingine, bila mapenzi yoyote, kama mtu anavyokunywa dawa chungu, na hakumwambia mtu ndani ya nyumba ile. Alimwambia dada yake tu, Neide, aliyeko mji mkubwa. Na jana alipompigia kumweleza habari ya mashine, Neide alisema nini? "Acha akose! Si ndicho alichokipigia kura?" Ivonete alikata simu hiyo pia. Siku hizi ilikuwa ndiyo kazi yake, kukatiwa simu na kukata simu.

Asubuhi saa mbili kigari cheupe kilipiga honi mlangoni. Ivonete alipanda pamoja na mama mkwe, maana shule anakopika ilikuwa imefungwa: gesi ya kupikia ilikwama nyuma ya matairi, unga nao ulikwama. Dereva, Osmar, alishuka kumshika bibi mkono. Osmar alikuwa ameendesha wagonjwa miaka ishirini, na juu ya kioo chake alikuwa amebandika karatasi: HUMU NDANI HAKUNA SIGARA WALA SIASA. Sigara haikuwahi kuvutwa.

"Karibu, mke wa Taborda," alisema mzee Anésio kutoka kiti cha nyuma. Huyo alikuwa mgonjwa mwenzake Zulmira, mstaafu wa reli, mtu wa vyama vya wafanyakazi tangu ujana wake. "Naona mumeo amekuletea miguu mipya."

"Na wewe naona bado hujafa."

"Nitakufaje nikuache unapiga kura peke yako?"

Miaka mitatu walikuwa wakitukanana hivyo kwenda na kurudi, huku wakigawana biskuti zisizo na chumvi. Siku hiyo lakini Anésio hakutoa biskuti. Uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu, na maneno yake yalikuwa na makali mapya.

"Mtoto wako ni mhuni, Zulmira. Nakwambia mbele ya mkewe."

"Mwanangu anapigania nchi!"

"Nchi gani? Anapigania tajiri apate kutokulipa kodi."

"Na nyie mlioiba kura?"

"Someni karatasi," alisema Osmar.

"Osmar, wewe ulimpigia nani?" Anésio aliuliza.

"Mimi? Mimi nimempigia mama yangu, awe rais, atawachapa wote."

Ivonete alicheka bila kutaka. Kisha akaona moshi mbele, akaacha kucheka.

Walifika wakati wimbo wa taifa unaimbwa. Watu kama themanini, wengi ndani ya jezi za njano za timu ya taifa, walikuwa wamesimama wima barabarani mkono wa kulia kifuani, wakiikabili bendera iliyochomekwa kwenye rundo la matairi. Hakuna aliyegeuka kukitazama kigari. Waliuimba kila baada ya saa moja, na sheria ya pale ilijulikana mji mzima: wimbo ukianza, hasogei mtu. Juzi walikuwa wamemfukuza muuza mahindi kwa sababu alikunywa kahawa katikati ya wimbo. Walisema ni jasusi. Osmar alizima injini. Kuzunguka hakuwezekani, njia ya mashambani ilikuwa imekatwa na mto tangu mvua za wiki iliyopita.

Wimbo ulipokwisha walipiga makofi, na mtu mwenye kofia ya kijeshi na viatu vya kwendea kanisani akaja dirishani. Alikuwa Gilson, mwenye duka la mbolea. Ivonete alikuwa amempakulia wali na maharage shuleni miaka sita, na kila siku aliomba kuongezewa.

"Habari za asubuhi, raia," alisema Gilson. "Mnakwenda wapi?"

"Gilson, hunijui? Raia ndiyo nini?"

"Hapa ni utaratibu tu, Dona Ivonete. Kila mtu anaulizwa."

"Tunakwenda kwenye mashine. Huyu ni mama yake Ademar. Unamjua."

"Barua ya hospitali?"

Osmar alimpa. Gilson aliisoma polepole, midomo ikicheza, akaigeuza akaangalia nyuma ambako hakukuwa na kitu.

"Haina muhuri."

"Ina muhuri, kidole chako kiko juu yake," alisema Osmar.

Gilson akaondoa kidole. Mwanamke mmoja, mnene, mchangamfu, akaja mbio na bilauri ya juisi ya machungwa. "Maskini bibi, anahema! Kunywa, mama, kunywa, joto hili." Zulmira, ambaye aliruhusiwa nusu lita ya kimiminika kwa siku nzima na aliota maji kila usiku, alinyoosha mikono yote miwili. Ivonete aliinyakua bilauri ikamwagika mapajani mwake.

"Unataka kumuua? Hiyo kwake ni sumu!"

"Lo! Mimi nimefanya wema," alisema yule mwanamke, na kweli macho yake yalilengwalengwa na machozi. Hicho ndicho kilichomchosha Ivonete kuliko yote. Wangekuwa wabaya tu angejua la kufanya nao.

"Basi sikilizeni," alisema Gilson, akatoa simu. "Kila mmoja atasema hapa, narekodi, 'Mungu, nchi na Taborda.' Mkimaliza, tunaongea. Tukirusha hii watu wataona hata wagonjwa wako nasi."

Zulmira alisema mara moja, kwa sauti, tena kwa furaha, ingawa ilibidi avute pumzi katikati. Osmar alisema yeye ni mtumishi wa halmashauri na midomo yake ni ya serikali. Gilson akamwelekezea simu Anésio.

"Siwezi," alisema Anésio.

"Maneno manne tu, mzee."

"Hata moja. Sijawahi kumsifu bosi maisha yangu yote, nitaanza leo na mwizi?"

"Anésio!" Ivonete aligeuka. "Sema! Sema tupite! Nani atakuamini?"

"Bora nife."

"Kufa peke yako basi! Lakini umepanda gari moja na mama mkwe wangu, hukumwuliza kama na yeye anataka kufa leo kwa ajili ya vyama vyako!"

Anésio alifumba mdomo kama mtoto anayekataa uji. Ivonete aliona kwamba angeweza kumpiga kofi, mgonjwa vile vile alivyo, halafu amrukie Gilson na ile kofia. Badala yake alishuka garini akaita kwa nguvu zote: "Ademar! We Ademar!"

Mumewe alitoka nyuma ya lori akitafuna kipande cha nyama choma. Mfugaji mmoja tajiri alikuwa akiwaletea ng'ombe mzima kila siku mbili. Ademar alikuwa ameota ndevu, jezi imembana tumboni, filimbi shingoni. Alikuwa mzuri, hilo ndilo lililomuuma Ivonete. Miaka mingi hakuwa amemwona akitembea kifua mbele namna hiyo.

"Fungua," alisema Ivonete.

Ademar alimtazama Gilson.

"Uamuzi ni wako, kamanda," Gilson alisema kwa upole. "Ni mama yako. Lakini unajua kule kizuizi cha darajani ilikuwaje. Walimfungulia mjamzito mmoja, nyuma yake yakapita malori sitini. Na yule mzee kakataa kusema."

Watu walikuwa wamesogea, simu juu. Ademar alipangusa mikono kwenye suruali. Alikwenda mpaka dirishani kwa mama yake, akaona miguu ile, akatazama pembeni.

"Mama, unapumua?"

"Kidogo kidogo."

"Vumilia kidogo tu. Jioni tutafungulia magari madogo yote, ndivyo tunavyofanya. Mama ni mzalendo," aliwaambia watu, bila kumtazama tena. "Mama anaelewa."

Watu walipiga makofi. Zulmira alifungua mdomo, lakini pumzi haikutosha, akaufunga.

Mashine ya Zulmira ilikuwa saa tano. Jioni kituo kingekuwa kimefungwa na wauguzi wameshakwenda zao. Ademar alilijua hilo. Alikuwa akimsindikiza yeye mwenyewe mwaka mzima wa kwanza. Ivonete alisimama katikati ya barabara, juisi ikimnata magotini, na hasira ikampanda mpaka masikio yakaziba. Wamwombe nani? Polisi wawili walikuwa pale kivulini, wanakula nyama ya mfugaji. Akaitazama bendera, akaitazama filimbi ya mumewe, akaweka mkono wa kulia kifuani akaanza kuimba wimbo wa taifa.

Aliuanzia juu mno, sauti ikamkwaruza. Sekunde mbili watu walishangaa. Halafu yule mwanamke wa juisi akaweka mkono kifuani akadakia, na wa pili, na wa tatu, na mara barabara nzima ikasimama wima. Gilson alivua kofia. Ademar alikuwa hatua tatu kutoka kwenye matairi. Aligeuka kuielekea bendera, akakaza shingo, akafumba macho.

Ivonete alimtazama Osmar kupitia kioo. Hakuweza kusema, alikuwa anaimba. Alimkazia macho tu, halafu akayakazia matairi.

Osmar hakuwa mtu wa kuchagua upande. Alikaa na usukani wake kwa mstari mzima wa wimbo, akilowa jasho. Kisha akashuka, akaenda kwenye safu ya kwanza, akalisimamisha tairi moja akalibiringisha hadi kwenye majani. Akarudi akachukua la pili. Gilson aliona. Mishipa ilimtoka shingoni, macho yakafuata kila tairi, naye akazidisha sauti kana kwamba wimbo wenyewe ungemzuia Osmar. Lakini hakusogea. Angesogea vipi? Simu ishirini zilikuwa zinarusha mubashara, na yeye ndiye aliyemfukuza muuza mahindi.

Ubeti wa kwanza uliisha na safu moja bado imeziba. Mikono ikaanza kushuka, makofi ya kwanza yakalia. Gilson akapiga hatua. Kule, mtu akiufahamu wimbo wa taifa anafahamu ubeti wa kwanza, unaoimbwa viwanjani kabla ya mpira. Wa pili una maneno magumu, na taifa zima huumumunya. Ila Ivonete alikuwa mpishi wa shule, na kila Ijumaa kwa miaka ishirini na miwili alisimama mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi huku watoto wakiuimba wote, mwanzo hadi mwisho. Akavuta pumzi akaingia ubeti wa pili.

Gilson aliganda mguu mbele. Mikono ikarudi vifuani. Wazalendo themanini wakaanza kumumunya, wakichungulia mdomo wa Ivonete ili kudaka neno linalofuata, na aibu ya kutolijua ikawafunga miguu kuliko sheria. Ivonete alikuwa analia sasa, kwa ghadhabu tupu. Ndani ya gari mzee Anésio alikuwa amesimama, kichwa kimegusa paa, mkono kifuani, anaimba na yeye. Baadaye alisema wimbo ni wa nchi, si wa Taborda.

Tairi la mwisho liliondoka. Osmar akapanda akawasha. Kigari kilipita polepole, kikimkaribia Ademar kiasi kwamba kioo chake kingemgusa bega. Zulmira alikuwa dirishani. Alimtazama mwanawe tangu kilipomfikia mpaka kilipompita. Ademar hakufumbua macho. Ivonete alirukia mlango ukiwa wazi, akaimba neno la mwisho akiwa amening'inia nje.

Walichelewa saa moja na nusu. Walimpa Zulmira saa mbili na nusu za mashine badala ya nne, na muuguzi alimwambia Ivonete waziwazi, "Leo tumemvuta kidogo tu kutoka mlangoni mwa kaburi. Alhamisi asikose hata dakika." Kurudi hawakuzuiwa, magari madogo yanayoingia mjini yaliachiwa upenyo kwa sababu ndiyo yaliyowaletea nyama na maji.

Njiani simu ya Ivonete ilianza kutetemeka ikawa haiachi. Video ilikuwa imeruka. Yeye, machozi mashavuni, mkono kifuani, na juu yake maandishi: MPISHI MZALENDO AWAFUNDISHA WANAUME WIMBO WA NCHI YAO. Matairi yalikuwa yameachwa nje ya picha. Watu asiowajua walimwombea baraka. Wengine asiowajua walimwita mbwa wa Taborda. Mwalimu mmoja wa shuleni kwake alimwandikia kwamba amevunjika moyo. Neide alipiga: "Kwa hiyo umejiunga nao? Familia nzima sasa wendawazimu?" Ivonete alijaribu kueleza mara mbili, mara ya tatu akamwambia dada yake aende akajitie kwenye pipa, akazima simu. Hakuwa amechoka namna ile tangu azaliwe.

Jioni walikuwa mezani, Zulmira na chakula chake kisicho na chumvi, wakasikia pikipiki. Ademar aliingia akinuka moshi, amebeba nyama iliyofungwa kwenye gazeti, uso unang'aa.

"Mmeona? Watu laki mbili wameitazama! Taborda mwenyewe ameituma! Mke wangu! Na mmeona tulivyowapitisha? Gilson amesema ndivyo dunia ijue, wazalendo wanapitisha wagonjwa."

"Mlitupitisha," alisema Ivonete.

"Si mlipita?"

Ivonete aliendelea kukata mkate. Ademar akamgeukia mama yake, akainama, akanyoosha kiganja. Watu wa kule hawaingii nyumbani wala hawatoki bila kuomba baraka ya mzazi, hata wawe na mvi. Mtoto huomba, mzazi huitikia kwamba Mungu akubariki, mwanangu, na hapo ndipo mtu hukaa. Ni kama shikamoo; haipiti bila jibu.

"Baraka, mama."

Zulmira alitafuna wali wake.

"Mama. Baraka."

"Alhamisi saa tano nina mashine," alisema Zulmira. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini pumzi safari hii ilitosha. "Nitapita?"

Kiganja cha Ademar kilibaki kimenyooshwa juu ya meza. Alimtazama mkewe, akamtazama Taborda kwenye friji.

"Nitaongea na Gilson," alisema.

"Ongea naye," alisema mama yake, akavuta sahani karibu. "Na baraka kaombe huko huko kwa Gilson."